SOMO LA WIKI: Maelezo mabovu ya zana humtia hasara mwenye duka

Mfanyabiashara anayeuza kwa njia ya intaneti siku hizi anaweza kumpa wakala wa akili mnemba kazi ya kukesha: kuangalia kama ukurasa wa malipo unafanya kazi, kama seva imelemewa, kama oda zinaingia. Wakala huyo haoni mitambo yenyewe. Hupewa zana, na kila zana ina jina, maelezo na nafasi za kujaza, mfano wa fomu ya benki. Ndivyo unavyofanya kazi utaratibu wa Model Context Protocol, uliotolewa na kampuni ya Anthropic ya Marekani mwezi Novemba 2024. Kwa kawaida wakala hajui programu iliyo nyuma ya zana imeandikwaje. Husoma maelezo, kisha huamua achukue zana ipi.

Tuseme duka la vipuri Kariakoo linatumia Prometheus, programu ya bure ya kupima mitambo iliyoanzia katika kampuni ya SoundCloud mwaka 2012. Fundi ameandika maelezo ya zana kwa maneno manne: "Huleta takwimu za mfumo." Jumamosi asubuhi mwenye duka anauliza: "Jana saa 2 usiku wateja walishindwa kulipa?"

Hapo ndipo penye fedha. Saa 2 usiku yetu ni 20:00 katika hesabu ya kompyuta, na kwa saa ya kimataifa ya UTC ni 17:00, kwani Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3. Wakala ambaye hakuelezwa anaweza kujaza 02:00 UTC, ambayo kwetu ni saa 11 alfajiri, wateja wamelala. Atakuta shwari, naye atajibu kwamba malipo yalikwenda vizuri. Mwenye duka ataridhika, na hitilafu itabaki pale pale hadi jioni nyingine ya mauzo.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Prometheus hupokea muda kwa sekunde. Grafana, programu ya kuchora grafu ambayo mara nyingi hufungwa pamoja nayo, hutumia milisekunde katika sehemu zake nyingi. Namba ya Grafana ikipelekwa Prometheus inakuwa kubwa mara 1,000, na tarehe inarukia maelfu ya miaka mbele. Jibu linarudi tupu. Wakala husoma utupu huo kama "hakuna kosa", kumbe maana yake ni "hakuna kipimo". Karani akikuta daftari la mauzo halina kitu hasemi duka halikuuza. Anauliza kwanza nani alikuwa zamu.

Maelezo yanayofaa yangesomeka hivi:

"Huleta idadi ya malipo yaliyoshindikana kwa kila dakika kwenye ukurasa wa malipo. Itumie mtu akiuliza kama wateja wanashindwa kulipa. Haionyeshi sababu, kwa sababu tumia soma_kumbukumbu. Muda uandikwe kwa UTC, mfano 2025-03-14T17:00:00Z. Mtu akitaja saa ya Kiswahili, igeuze kwanza: saa 2 usiku ni 17:00 UTC. Jibu tupu maana yake kipimo hakikufika; sema hivyo, usiseme hakuna kosa."

Ni marefu, ndiyo. Maelezo huhesabiwa katika maneno anayosomeshwa wakala, na maneno hayo hulipiwa, hivyo fundi atataka kuyafupisha. Akate sifa za programu na historia yake. Mistari ya saa na ya jibu tupu asiiguse.

Vipimo navyo vitajwe: 0.05 ni sehemu ya moja au ni asilimia? Tofauti yake ni wateja 5 kati ya 100, au mmoja kati ya 2,000.

Zana ya kusoma kengele za tahadhari na zana ya kuzinyamazisha zisipewe majina yanayofanana. Ya pili iandikwe wazi kwamba inabadilisha mambo na kwamba lazima mwenye mali akubali kwanza. Maelezo peke yake hayatoshi hapa. Fundi aifunge kwa ruhusa, maana wakala anaweza kukosea hata akiwa ameelezwa vizuri.

Msomaji unayemlipa fundi, au unayetaka kuweka fedha katika kampuni inayojinadi kwa huduma hii, huhitaji kujua kuandika programu. Omba maelezo ya zana yachapwe kwenye karatasi, uyasome kama unavyosoma mkataba wa pango. Kisha chukua siku moja ambayo unajua malipo yalikwama, muulize wakala kwa Kiswahili chako cha kawaida, na utake akuonyeshe alichagua zana ipi na alijaza saa ngapi. Rudia swali hilo huku fundi amezima kipimo kwa makusudi. Akijibu kwamba mambo ni shwari, ankara ya fundi isubiri.