Buji za Gari Lililotembea Sana

Ndugu madereva wa Jabe, gari likizimika usiku kwenye barabara ya Gatumba, abiria na mizigo hubaki hatarini, nasi huitwa kulilinda. Mara nyingine chanzo ni buji tu.

Msichague buji kwa umbo, someni namba. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni buji baridi, inayopoteza joto upesi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Anayebadili chapa akishikilia namba ileile aweza kuunguza pistoni.

Katika injini iliyochakaa, buji kuukuu ikitoka imelowa oili, huenda ringi zimekwisha. Buji mpya haitaponya hilo. Lori la dizeli halitumii buji za cheche, basi msiuziwe.