Vitesi vya moteri ya mtumbwi vinapogoma



Kwa desturi ukurasa huu unasema juu ya kofia, viatu vya kazi na vumbi la mgodi. Leo tutoke kidogo mgodini, twende ziwani. Wengi wenu siku za konje mnakwenda kuvua samaki kwenye ziwa Tshangalele, lile lililofanywa na barage ya Mwadingusha mwaka 1930, au kwenye ziwa la Nzilo, upande wa Kolwezi. Wengine wana ndugu wavuvi huko Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Moteri nyingi za huko ni za zamani, zimepita katika mikono ya watu wengi, na mara nyingi ugonjwa wao unaonekana kwanza kwenye vitesi.

Vitesi vibovu si hasara ya fedha peke yake. Moteri inayokataa kutoka mbele wakati mtumbwi unafika kivukoni inaweza kukata mguu wa mtoto anayeoga. Moteri inayowashwa ikiwa ndani ya vitesi inaruka mbele na kumtupa mtu majini. Kwa hiyo tujifunze.

NAMNA VITESI VINAVYOFANYA KAZI

Kutoka kichwa cha moteri, chuma kirefu kinashuka mpaka chini majini. Mwisho wake kuna gurudumu dogo la meno. Hilo linazungusha magurudumu mawili makubwa zaidi, moja la mbele na moja la nyuma, na hayo mawili yanazunguka kila moja upande wake. Katikati yao, juu ya chuma cha elisi, kuna kipande kinachoteleza chenye meno makubwa. Ukisukuma mkono wa vitesi, kipande hicho kinakamata gurudumu la mbele, au la nyuma. Kikikaa katikati, hakikamati kitu: moteri inazunguka, elisi inasimama.

Basi kati ya mkono wako na kipande hicho kuna mambo matatu tu: kabli au vyuma vya kuunganisha, fimbo ya vitesi inayoshuka, na meno yenyewe. Ugonjwa uko katika moja la hayo matatu.

KWANZA USALAMA

Mgodini huwezi kuingiza mkono katika mashini kabla ya kukata umeme na kufunga kufuli. Kwa moteri ya mtumbwi sheria ni ile ile. Kabla ya kushika elisi, zima moteri, halafu chomoa waya za buji zote na kuziweka mbali na buji. Moteri ya zamani inaweza kuwaka kwa kuzungushwa elisi tu kwa mkono.

Usiwashe moteri ndani ya nyumba au gala iliyofungwa: moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Usiiwashe pakavu pia, maana mpira wa pompi ya maji unaungua upesi. Iweke katika pipa la maji, au ziwani.

TAFUTA UGONJWA

1. Mkono wa vitesi ni mgumu. Kama moteri inaongozwa kwa kabli, toa kabli upande wa moteri, ujaribu tena. Mkono ukibaki mgumu, kabli imeota kutu au grisi imekauka. Kabli ya namna hiyo inabadilishwa. Mkono ukiwa mwepesi, ugumu uko ndani ya moteri: safisha viungo, tia grisi, tazama kama fimbo imepinda. Usilazimishe vitesi moteri ikiwa imezimwa. Meno yanaweza kugongana uso kwa uso, na ukilazimisha utapinda vyuma. Mwenzako azungushe elisi polepole kwa mkono, buji zikiwa zimetolewa waya, nawe usukume.

2. Vitesi vinalia "krrr" vikiingia. Tazama kwanza mwendo wa moteri: ukiwa juu mno katikati, meno hayawezi kukamatana vizuri. Rudisha gesi chini kabisa. Halafu tazama mkono wako. Wazee wanasema haraka haraka haina baraka, lakini kwa vitesi vya namna hii polepole ndiyo inakula meno. Gesi chini, halafu sukuma mara moja kwa nguvu ya kawaida. Kelele ikibaki, meno yamechakaa.

3. Vitesi vinaingia halafu vinaruka vyenyewe. Mara nyingi kipande hakiingii mpaka mwisho, kwa sababu kabli au fimbo haikupimwa sawa. Pima tena. Ikiendelea kuruka, pembe za meno zimekuwa mviringo. Hapo hakuna dawa ila kufungua na kubadilisha.

4. Hakuna katikati. Mkono uko katikati, lakini elisi inazunguka na mtumbwi unakwenda. Uliza kama mtu alibadilisha mpira wa pompi siku zilizopita. Katika moteri nyingi, kwa kazi hiyo fimbo ya vitesi inafunguliwa, na ikirudishwa vibaya katikati inapotea. Ugonjwa huu ndio wa hatari kupita yote. Usiende nayo ziwani hata siku moja.

5. Vitesi vinaingia, moteri inalia, mtumbwi hauendi. Usikimbilie kufungua vitesi. Katika moteri ndogo za zamani, tazama kisumari cha elisi: kimefanywa kikatike elisi ikigonga jiwe. Katika nyingine, mpira wa ndani ya elisi umeachia. Chora mstari wa rangi kutoka katikati ya elisi mpaka nje, uende mwendo mfupi, uzime moteri, utazame. Mistari ikiachana, elisi ndiyo mgonjwa.

MAFUTA NDIYO DAMU

Kila saa 100 za kazi, badilisha mafuta ya vitesi. Fungua skuru ya chini, halafu ya juu, yamwagike katika chombo, si ziwani. Mafuta meupe kama maziwa yanaonyesha kwamba maji yameingia. Vipande vya chuma vinaonyesha kwamba meno yanavunjika. Mafuta mapya yanaingizwa kwa tundu la chini mpaka yatoke juu. Hivyo hewa haibaki ndani.

MTU AKIUMIZWA NA ELISI

Zima moteri, mtoe majini. Bana kidonda kwa nguvu na kitambaa safi, bila kuachia kila mara kutazama. Kitambaa kikilowa damu, ongeza kingine juu yake. Damu ya mkono au mguu ikiruka na kukataa kusimama, funga kitambaa kipana kwa nguvu juu ya kidonda, andika saa uliyofunga, mpeleke hospitali mara moja. Msitie udongo, makaa wala mafuta ya moteri. Hata kidonda kidogo kioneshwe kwa mganga, kwa ajili ya sindano ya tetanosi.

Na kama vitesi vinakwama mbele mkiwa ziwani? Zima moteri mbali na kivuko, umalizie kwa kasia. Ni aibu ndogo mbele ya marafiki, lakini watoto watabaki na miguu yao.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

- Kwa nini tunatoa waya za buji kabla ya kushika elisi?
- Mafuta meupe yanasema nini?
- Ugonjwa gani unakukataza kabisa kwenda ziwani?

Mzazi amwulize mtoto, na mtoto amwulize mzazi. Kazi njema, na safari njema majini.