Wageni wa Bustanini: Somo kwa Mume na Mke



Waume na wake wengi hapa Eldoret huzungumza kila siku, lakini ukisikiliza vizuri utaona kwamba mazungumzo yao ni ya aina moja tu: karo, mbolea, bei ya mahindi na deni la dukani. Mambo hayo ni ya lazima. Hata hivyo, watu wawili wanaozungumza shida peke yake hufika mahali ambapo kila mmoja akimwona mwenzake anaona shida inakuja. Ukimya huingia nyumbani bila ugomvi wowote, kwa sababu tu hakuna jambo lingine la kusema.

Katika somo hili tunawapendekezea jambo dogo lisilo na gharama. Kaeni pamoja robo saa kwa siku, mkiwatazama ndege na wanyama wadogo wanaoingia bustanini mwenu. Huenda ukacheka. Soma kwanza, kisha uamue.

Ni nani waliomo uani?

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wengi wao hawangoji uende mbugani kuwaona. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, hata ploti ndogo yenye ua wa kayaba, sukuma wiki na mti mmoja wa matunda ina wageni wake.

Alfajiri mtaamshwa na kwarara, yule ndege mkubwa wa rangi ya kijivu mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayepiga kelele “haa-haa-haa” juu ya paa. Mchana atashuka kwenye nyasi na kuchoma ardhi kwa mdomo wake akitafuta minyoo na wadudu. Kwenye maua mtamwona chozi, mdogo kama kidole gumba, akinyonya utomvu. Dume lake hung'aa kama shaba juani, na jike lake ni la rangi hafifu. Shore mtamjua kwa kichwa cheusi na manyoya ya manjano chini ya mkia. Na mkikuta panzi amechomwa kwenye mwiba wa kayaba, msiwalaumu watoto. Ni kazi ya mbwigu, ndege mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, anayetundika nyama yake kwenye miiba kama mtu anayeweka akiba.

Kuanzia Septemba au Oktoba, wakati mahindi yanapokauka shambani, mbayuwayu huwasili kutoka Ulaya. Ndege huyo ana uzito wa gramu 20 hivi, na bado huvuka jangwa la Sahara akija na akirudi. Kufikia Aprili, wengi wao wameshaondoka.

Hatusemi muwaige ndege

Wako wanaopenda kuwafanya ndege kuwa mfano wa ndoa. Tuwe waangalifu. Kwera dume hufuma kiota kwa ustadi mkubwa, jike huja kukikagua, na asipokipenda, dume huanza kingine. Mke akisikia hivyo atafurahi! Lakini katika aina nyingi za kwera dume huyo huyo huwa na majike kadhaa. Basi tukimchukua kuwa mwalimu wetu, tumchukue mzima?

Faida tunayoizungumzia iko mahali pengine. Watu wawili wanaoketi wakitazamana kwa ajili ya “mazungumzo muhimu” mara nyingi hujiandaa kujitetea. Lakini wakiketi bega kwa bega wakitazama kitu kimoja, ulimi hulegea. Mume ambaye hajui aanzie wapi kusema kwamba biashara imeharibika atalisema akiwa anamtazama chozi. Mke naye atapata nafasi ya kusikiliza bila kujibu haraka.

Iko faida ya pili. Mkibishana juu ya ndege, mmoja akisema ana kifua chekundu na mwingine akisema ni cha kahawia, hakuna haja ya kupandisha sauti. Ndege atarudi kesho, nanyi mtatazama tena. Mmoja atasema, “Kweli, mama watoto, wewe ndiye uliyeona vizuri.” Aliyezoea kusema hivyo juu ya ndege atapata wepesi wa kusema hivyo juu ya pesa.

Bundi anapolia juu ya paa

Tuchukue jambo moja ambalo limeleta fujo katika nyumba nyingi. Tuseme bundi amelia usiku karibu na ghala la mahindi. Mke anasema, “Baba watoto, huyo ametumwa. Kuna mtu atakufa hapa.” Mume anachukua mawe. Asubuhi jirani anatajwa, au mama mkwe, na maneno yanayosemwa hayarudishiki mdomoni. Ndege mmoja ameigawanya jamaa.

Sasa tazameni. Mahindi ghalani huleta panya, na panya humleta bundi. Akilia, anamwita mwenzake au anawaonya bundi wengine kwamba eneo lina mwenyewe. Hana habari na maisha ya binadamu. Mchana tafuteni chini ya mti au dari anapolala, na mtakuta madonge ya kijivu yenye manyoya. Bundi hummeza panya mzima au vipande vikubwa, kisha hutapika kile kisichosagika tumboni. Pasueni donge moja kwa kijiti, mkiwa wawili, nanyi mtaona mafuvu na mifupa ya panya. Baadaye nawieni mikono kwa sabuni.

Hesabuni mafuvu hayo. Kila moja ni panya ambaye hatakula tena mahindi ya watoto wenu. Msimdhihaki aliyekuwa na hofu, maana aliirithi kwa wazee wake. Mwonyesheni tu. Na kama mnatumia sumu ya panya, kumbukeni kwamba bundi akimla panya mwenye sumu, naye anaweza kufa. Mtabaki na panya bila mlinzi.

Kinyonga pia huuawa bure kwa hofu. Hana sumu. Aina kadhaa za vinyonga wa nyanda za juu za Kenya hazitagi mayai bali huzaa watoto wazima. Mtazameni jinsi jicho moja linavyotazama mbele na jingine nyuma. Nyoka, hata hivyo, ni habari nyingine. Mkimwona, kaeni mbali na waiteni wanaojua kazi hiyo.

Jinsi ya kuanza

1. Chagueni saa moja. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa kumi na mbili jioni ni nzuri, maana ndege huwa na shughuli nyingi. Redio izimwe na simu zibaki ndani.

2. Wekeni maji. Sufuria pana isiyo na kina inatosha, na maji yasizidi kina cha vidole vitatu. Katika ukame wa Desemba hadi Februari wageni watakuwa wengi. Badilisheni maji kila baada ya siku mbili ili mbu wasizaliane, na muiweke mbali na kichaka ambamo paka anaweza kujificha.

3. Acheni kona moja bila kufyekwa. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, na nyumba zinaendelea kuongezeka. Kona yenu yaweza kuwa makao ya viumbe waliofukuzwa kwingine.

4. Andikeni. Daftari la mtoto lililobaki kurasa linatosha: tarehe, saa, mvua au jua, mlichoona na aliyekiona kwanza.

5. Msiwafungie ndege. Korongo mwenye taji anayeshuka kwenye mashamba yaliyovunwa yuko hatarini kutoweka duniani, na tangu mwaka 2012 ameorodheshwa hivyo. Mayai na makinda yake yaachwe yalipo.

Msione haya kwamba hamjui majina. Jijini Nairobi, Bi. Fleur Ng'weno alianza mwaka 1971 kuwaongoza watu kuwatazama ndege kila Jumatano asubuhi, na wengi waliofika hawakujua chochote. Walijifunza kwa kutazama pamoja na wengine.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

- Ni lini mara ya mwisho tulizungumza jambo lisilokuwa shida?
- Je, kuna mtu tuliyemshuku kwa sababu ya bundi au mnyama mwingine? Tutafanya nini kurudisha uhusiano naye?
- Kati yetu, nani huona haraka na nani husikia haraka? Tunawezaje kusaidiana?
- Juma hili tutaketi saa ngapi, na mahali gani?

Jibuni swali la mwisho leo kabla ya kulala. Hayo mengine mnaweza kuyajibu kesho, mkiwa mmeketi nje.