Somo: Kwa sababu, kwa kuwa, kwa hiyo

Soma habari hii.

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Unguja, zimejengwa kwa mawe na chokaa. Paa likivuja tulitengeneze mapema, kwa sababu maji hudhoofisha ukuta. Kwa kuwa saruji huzuia unyevu kutoka ukutani, tupige lipu ya chokaa. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka, na watu wawili walikufa. Kwa hiyo tusingoje mpaka ukuta upasuke.

Maelezo

"Kwa sababu" na "kwa kuwa" hutangulia sababu. "Kwa hiyo" hutangulia matokeo. Usiyageuze. Ukimwandikia fundi, "Paa linavuja, kwa hiyo ukuta umelowa," ataanza na paa. Ukiandika, "Ukuta umelowa, kwa hiyo paa linavuja," anaweza kutengeneza ukuta na kuliacha paa. Masika yakija, ukuta utalowa tena.

Zoezi

Maliza sentensi hizi katika daftari lako.

1. Tunapiga lipu ya chokaa kwa sababu ...
2. Kwa kuwa masika yanakaribia, ...
3. Paa limezibwa, kwa hiyo ...