MANA YA LEO NA MASUMBUFU YA KESHO

Mafungu ya kusoma: Kutoka 16:1-30, Matayo 6:25-34

Mtihani wa Serikali unakaribia, na wengi wetu tunabeba mzigo ndani ya moyo. Mmoja anawaza fizika, mwingine anawaza minervali, mwingine ameacha mgonjwa nyumbani. Tunafungua daftari, macho yanasoma, lakini akili iko mbali. Tuone Neno la Mungu linatufundisha nini.

1. Mana ilikuwa ya siku moja

Waisraeli walikuwa wametoka Misri mwezi mmoja tu, na chakula kikawa shida. Mungu akawapa mana. Kila asubuhi waliokota omeri moja kwa kila mtu, ni kusema karibu litri mbili. Musa aliwakataza kuiweka mpaka kesho yake, lakini wengine hawakusikia. Sisi tunafikiri ni watu waliojua njaa, wakaogopa. Asubuhi mana yao ilikuwa na wadudu, ikanuka (mst. 20).

Masumbufu ni vile vile. Tukilala na shida ya kesho chini ya kichwa, haitushibishi. Inaoza, na inaharibu usingizi wa leo pia.

2. Lakini siku ya sita?

Mtu atasema: «Basi, tukae tu, Mungu atafanya.» Hapana! Siku ya sita Mungu mwenyewe aliwaamuru waokote omeri mbili, juu ya Sabato, na ile akiba haikuoza. Kuna akiba ya utii na kuna akiba ya woga. Kurudilia masomo kila jioni ni utii. Kukesha tukihesabu mabaya ambayo hayajafika ni woga.

Tena mana haikuanguka ndani ya chungu. Watu waliinama, wakaokota mbele ya jua kuwa kali, maana iliyeyuka. Hata wale ndege Yesu aliotaja hawalimi, lakini asubuhi wanatoka katika kioto kutafuta.

3. Jambo tuliloliona

Mwenzetu mmoja wa internati alikuwa na deni ya minervali, na baba yake hakuwa na kazi. Usiku tulimwona mbele ya taa, kitabu kimefunguliwa ukurasa mmoja tangu saa moja mpaka saa nne. Rafiki yake akamwuliza: «Ndugu, kesho tuna nini?» Akajibu: «Kemia.» «Basi, tuombe, halafu tusome kemia. Deni tutaipeleka kwa Bwana Prefe asubuhi, tukiwa wawili.» Walifanya vile. Prefe alikubali alipe kidogo kidogo.

Hatutawadanganya: mwaka ule hakufaulu. Alilia sana. Lakini alirudi, akaanza tena, na mwaka uliofuata alipata diploma yake. Alituambia kwamba mwaka wa kwanza alipoteza nguvu nyingi kwa kuogopa kuliko kwa kusoma. Imani haikumpa pointi za bure. Ilimpa nguvu ya kuamka siku iliyofuata kushindwa.

4. Tufanye nini?

a) Tutaje shida yetu kwa jina mbele ya Mungu. Paulo aliwaandikia Wafilipi waombe pamoja na kushukuru, na yeye mwenyewe alikuwa amefungwa (Fil. 1:13; 4:6-7).

b) Tuandike kazi ya leo tu, tuifanye, halafu tulale.

c) Tusijifiche. Tumwambie rafiki, mwalimu ao mchungaji. Mungu anasaidia watu kwa mikono ya watu.

Maulizo

1. Juu ya nini mana ya siku ya sita haikuoza?
2. Kuna tofauti gani kati ya kujitayarisha na kusumbuka?
3. Nani katika darasa letu anabeba mzigo peke yake? Tutamwendea lini?

Ndugu, Waisraeli walikula mana miaka 40, na kila siku ilikuwa ya siku ile. Mungu aliyetupa asubuhi ya leo anajua na ya kesho. Amina.