Baba Aliyejua Msitu

Katika Walungu kila mtoto anajua kazi ambayo baba yake anaipenda. Baba mmoja anapenda ng'ombe. Anajua bonde lipi lina majani mazuri wakati wa jua kali. Mwingine anapenda shamba lake. Kabla ya jua kupanda amekwisha kwenda kutazama maharagwe na migomba. Akifa baba wa namna hiyo, watoto wake hawamsahau. Wanapopita njiani wanasema: "Hapa ndipo baba alipochunga. Mti huu ndiye aliyeupanda."

Lakini wako watoto wasioweza kusema hivyo. Somo hili ni habari za baba zao.

Upande wa kaskazini wa Walungu uko mlima Kahuzi, wenye urefu wa meta 3,308. Mwenzake ni Biega, wenye meta 2,790. Zamani sana milima hiyo ilikuwa ya moto. Sasa moto wake umezimika. Kando yake kuna msitu mkubwa na mianzi mingi. Katika msitu huo Batwa waliishi tangu zamani, wakiwinda, wakitafuta asali na kuchuma dawa.

Baba wa Kitwa alikuwa mwalimu wa watoto wake, na msitu ulikuwa shule yake. Hakuwa na kitabu wala ubao. Aliwaonyesha jani lililovunjika, nao wakajifunza kujua kama mnyama amepita leo au jana. Aliwaonyesha malazi ya gorila, kwa maana gorila hujitengenezea malazi mapya ya majani kila jioni. Mtu akihesabu malazi hayo asubuhi, anajua ni gorila wangapi waliolala pale. Aliwafundisha pia kunyamaza, kwa sababu mwenye kelele haoni kitu msituni.

Katika miaka ya 1960 alikuwako huko Bukavu Mbelgiji mmoja, jina lake Adrien Deschryver. Naye aliupenda msitu wa Kahuzi. Aliona miti inakatwa na gorila wanauawa, akahuzunika. Akafanya bidii mpaka serikali ikaweka Parki ya Taifa ya Kahuzi-Biega, tarehe 30 Novemba 1970.

Deschryver alitaka gorila wazoee kuonwa na watu, ili wageni waje kuwatazama pasipo kuwadhuru. Lakini yeye peke yake angewapata wapi? Batwa ndio waliomwongoza. Wao walitangulia, wakisoma nyayo na majani. Gorila dume mkubwa, mwenye mgongo wa rangi ya fedha, akiona watu huja mbio na kupiga kelele ili kuwatisha. Anayekimbia yumo hatarini. Deschryver alisimama imara mbele ya dume mmoja aliyeitwa Kasimir, naye Kasimir akazoea kumwona. Watu wa nchi za mbali waliona mambo hayo katika sinema. Deschryver alikufa mwaka 1989, na jina lake limeandikwa katika vitabu.

Sasa sikilizeni jambo la uchungu. Mwanzoni parki ilikuwa na kilometa za mraba 600 hivi. Mwaka 1975 ilipanuliwa mpaka kufika 6,000. Katika miaka hiyo Batwa walitolewa msituni. Hawakupewa ardhi nyingine wala malipo. Wale waliowafungulia wengine njia walifungiwa njia wao wenyewe.

Baba aliyejua kila mti akawa kibarua katika shamba la mtu mwingine. Akiingia msituni kutafuta asali, aliitwa mwizi. Watoto wake walizaliwa nje. Aliwatajia majina ya dawa, lakini hakuweza kuwaonyesha majani yake. Alipokufa, wao hawakuwa na bonde la kupita na kusema: "Hapa ndipo baba alipokaa."

Je, parki ilikuwa kosa? Tusiseme hivyo upesi. Gorila wa namna hii hawapatikani penginepo duniani ila mashariki mwa Kongo. Vita vilipoanza mwaka 1996, wengi waliuawa. Walinzi wengi wa parki pia walikufa kazini mwao, nao walikuwa baba za watoto. Msitu usio na mlinzi huisha. Lakini kuulinda msitu ni jambo moja, na kumfukuza aliyeujua ni jambo jingine. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ilisema kwamba Batwa wa Kahuzi-Biega walivunjiwa haki zao, na kwamba serikali inapaswa kuwarudishia ardhi yao.

Baba mmoja anakumbukwa kwa kitabu na sinema. Wengine wengi hawakuandikwa na mtu. Hao wanakumbukwa kwa njia moja tu: mtoto ashike alichofundishwa. Mtoto wa Kitwa anayejua bado jina la dawa moja, na namna ya kusoma jani lililovunjika, amebeba urithi wa baba yake. Urithi huo hauna mpaka wala mlango wa kufungwa.

Na wewe, mtoto wa Walungu, baba yako anajua nini? Pengine anajua dalili za mvua, au dawa ya ng'ombe, au mahali pa chemchemi. Usingoje siku ya matanga ndipo uulize watu alikuwa mtu wa namna gani. Fuatana naye leo, umwulize, utazame anapoonyesha kwa kidole.

Maneno ya kujifunza
malazi: mahali pa kulala
kibarua: mtu anayefanya kazi kwa malipo ya siku
urithi: kitu anachoachiwa mtoto na wazazi wake

Maswali
1. Baba wa Kitwa aliwafundisha watoto wake mambo gani?
2. Kwa nini Deschryver aliwahitaji Batwa?
3. Batwa walipotolewa msituni walipoteza nini?
4. Taja jambo moja ambalo baba yako au babu yako amekufundisha nje ya nyumba. Liandike kwa mistari mitano.