DENI USILOLIKOPA: MJIBU MDAI KWA BARUA, SI KWA PESA



Tuseme mama mmoja wa kikundi chenu yuko shambani akipalilia, simu inalia. Sauti ngeni inasema, "Mama, una deni letu la shilingi 7,400. Lipa kabla ya saa nane, la sivyo dalali anakuja kuchukua ng'ombe." Mama hajawahi kukopa kwa simu hata siku moja. Jioni anapigiwa mwenyekiti, kesho yake shemeji, na maneno ni yale yale: ati mwenzenu amekula pesa za watu. Aibu inaingia nyumbani. Ndipo yule mdai anapolegeza sauti: "Basi tuma hata mia tano tu, tuyamalize."

Hapo ndipo penye mtego. Akituma hizo mia tano, amekubali kwa vitendo kwamba deni ni lake. Kwa sheria ya Kenya, Sura ya 22, deni la mkataba hudaiwa kortini ndani ya miaka 6, na malipo hata kidogo yanaweza kuifanya miaka hiyo ianze kuhesabiwa upya. Isitoshe, siku atakapoandika "deni si langu" ataulizwa: mbona ulilipa?

Deni la namna hii linatoka wapi? Linatoka kwa kipande. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha mwenyewe. Mtu akipata nambari ya kipande chako na picha yake, na wakala akiwa mzembe au ni mwenzake, laini ya pili inasajiliwa kwa jina lako. Mkopo unaombwa kwa laini hiyo, pesa zinatolewa, laini inatupwa. Jina ndilo linalobaki, na jina ni lako. Huu ni wizi wa utambulisho. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inauadhibu kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Simu hiyo ikija, usibishane na usilie. Chukua daftari. Uliza: kampuni yenu inaitwaje? Mkopo ulitolewa tarehe gani? Pesa zilitumwa kwa nambari gani ya simu? Wewe usimpe chochote, wala nambari ya kipande, wala tarehe ya kuzaliwa. PIN ndiyo usiitaje kabisa. Wako matapeli wasio na mkopo wowote mkononi, wanatafuta tu mwoga. Benki Kuu ya Kenya hutoa orodha ya kampuni za mikopo ya simu zenye leseni. Mwombe kijana anayejua mambo ya intaneti akusomee.

Kisha andika barua, hata kwa mkono. Inatosha iwe hivi:

"Mnanidai shilingi 7,400. Sikuomba mkopo huu na sikupokea pesa hizi. Laini iliyotumika si yangu. Nimepiga ripoti polisi, nambari ya OB ni hii. Nileteeni ushahidi kwamba mimi ndiye niliyekopa. Mpaka hapo, acheni kunidai, msipige simu kwa watu wangu, na ondoeni jina langu katika madeni yenu."

Weka tarehe na sahihi, baki na nakala. Ndiyo kusema kwamba kituo cha polisi kinatangulia barua. Usikubali kuambiwa "rudi kesho" bila kuandikwa katika kitabu cha OB.

Na matusi je? Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinazikataza kampuni hizo kutisha mdaiwa, kumtukana, au kupigia watu walio katika orodha ya simu yake ili kumwaibisha. Kwa hivyo mwenyekiti akipigiwa, naye aandike saa na nambari. Huo ni ushahidi, hata kama unauma. Malalamiko yapelekwe kwa Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kusahihishiwa habari za uongo zinazokuhusu. Si sheria ya kukaa kabatini: mwaka 2023 Kamishna aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 5,000,000 baada ya malalamiko ya wananchi.

Kuhusu ng'ombe, tulieni. Mkopo wa simu usio na dhamana haumpi mtu ruhusa ya kuingia boma lako. Ni lazima kwanza kesi isikizwe na korti itoe amri. Dalali wa kweli ana leseni, huja na karatasi za korti, huorodhesha mali na kutoa notisi ya siku 7 kabla ya kuichukua. Lakini barua ya kuitwa kortini ikifika, usiikalie. Nenda na nakala zako ukajibu kabla ya siku zilizoandikwa kuisha. Ukinyamaza, korti inaweza kuamua bila wewe.

Liko jambo moja ambalo huwa linasahaulika. Mdai akinyamaza, jina linaweza kubaki limechafuliwa katika afisi za rekodi za mikopo, yaani CRB. Ziko tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Ukikuta deni hilo, wapinge kwa maandishi na uwape nambari ya OB. Msipofanya hivyo, siku kikundi kitakapoomba mkopo wa tangi la maji, benki itakagua viongozi na kukwama kwa jina la huyo mama asiye na kosa.

Na sisi katika vikundi tujiangalie. Nakala za vipande vya wanachama ziko wapi? Kwa katibu, chini ya godoro? Zifungiwe katika sanduku pamoja na vitabu vya hesabu, na juu ya kila nakala iandikwe kwa kalamu: "Ya kufungua akaunti ya kikundi tu."

Kazi ya mkutano ujao: kila mwenye laini ya Safaricom apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kipande chake. Asiyejua kusoma asaidiwe na mtu anayemwamini. Atakayeona nambari asiyoijua aende duka la kampuni ya simu akiwa na kipande chake, aikatae, na ifungwe.